Kuwatambua Mijusi Wadogo wa Majabali ya Dodoma

Fika kwenye majabali asubuhi, jua linapoanza kupasha mawe joto, ukae hatua kumi hivi bila kuacha kivuli chako kiwafikie mijusi. Dume la mjusi wa mawe, ambaye jina lake la kisayansi, Agama dodomae, limetokana na mji huu, hupandisha na kushusha kichwa ili kuwatisha madume wenzake. Jike lina rangi iliyofifia, na mgeni hulidhania kuwa la aina nyingine kabisa. Mwenye magamba yanayong'aa kana kwamba amepakwa mafuta ni wa ukoo mwingine. Mjusi kafiri mtafute usiku ukutani, karibu na taa: hawezi kufumba macho, hivyo huyasafisha kwa ulimi. Usimshike mkia, maana atauacha ukirukaruka mkononi mwako.