Namna ya kukadiria unene wa pete za Zohali kwa mawimbi ya redio

Pete kuu za Zohali zina upana wa makumi ya maelfu ya kilomita, ilhali unene wake sehemu nyingi ni mita kumi au zaidi kidogo, kiasi cha jengo la ghorofa nne mjini Kampala. Mwanafunzi wa fizikia aliye Mbarara au Gulu anaweza kuukadiria mwenyewe, kwa kuwa NASA imetoa bure vipimo vya Cassini, chombo cha angani kilichozunguka Zohali.

Tarehe 3 Mei 2005 Cassini ilipita nyuma ya pete huku ikituma duniani mawimbi ya urefu wa sentimita 0.94, 3.6 na 13. Linganisha nguvu ya ishara iliyopenya pete na ile isiyozuiwa. Logi ya uwiano huo, ikisahihishwa kwa pembe ambayo mwale ulikata pete, hukupa kiwango cha uzibaji, yaani jinsi pete inavyozuia mawimbi. Chagua data zilizokwisha kuondolewa athari ya kupinda kwa mawimbi, kwani bila hivyo ukungu wa kilomita kadhaa hufuta kila kitu unachokitafuta.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani uzibaji ndio unene. Senene wanaozingira taa kule Masaka huufifisha mwanga vilevile, wawe wamebanana katika tabaka jembamba au wametapakaa.

Kwa hiyo tafuta ndani ya pete A, ile ya nje kabisa kati ya pete kuu, mahali ambapo mvuto wa mwezi wa Zohali, kama Mimas au Janus, umeibua mawimbi ya msongamano, yaani mistari ambamo vipande vya pete vimebanana na kuachana kwa zamu, kisha chora uzibaji kulingana na umbali kutoka kitovu cha sayari. Vilele vitakaribiana kadiri vinavyosonga mbali na chanzo, na mwishowe vitafifia. Mpangilio wa kukaribiana hukupa uzito wa pete kwa kila mita ya mraba, na umbali wa kufifia hukupa mnato unaotokana na vipande vya barafu kugongana. Kutokana na mnato huo kokotoa kasi ya vipande kutawanyika, kisha uigawe kwa kasi ya mzunguko. Pete A huzunguka kwa takriban saa 13, yaani radiani 0.00013 kwa sekunde, hivyo kasi ya milimita 1 kwa sekunde huleta karibu mita 8. Huo ni umbali wa kutoka katikati kwenda upande mmoja tu. Zidisha kwa mbili.

Usijaribu njia hii katikati ya pete B, iliyo ndani ya pete A, kwani huko ishara hudhoofika mno hata ikamezwa na kelele za mpokezi.