Kabla hujailaumu bastola ya upepo, kagua risasi zako

Ukiona matundu yanatawanyika kwenye shabaha ya mita 10, usikimbilie kugeuza skrubu za kulengea. Mimina risasi chache kwenye kitambaa cheupe uziangalie sketi zake, ule upande wa nyuma ulio wazi. Risasi hizi za milimita 4.5 ni za madini laini ya plumbi (lead); kopo likianguka mara moja tu, sketi kadhaa hubonyea, na iliyobonyea haiendi sawa. Zitupe, au zibaki za mazoezi ya kufyatua.

Halafu kuna suala la kichwa cha risasi. Makopo mazuri huandikwa kipenyo chake, 4.49, 4.50 au 4.51, na kila mtutu una wake unaoupenda. Njia ya kuujua ni moja: egemeza bastola imara, piga tanotano za kila aina, linganisha makundi ya matundu. Bei haitakwambia. Duara la kumi, lile la alama ya juu katikati ya shabaha, lina kipenyo cha milimita 11.5 tu, kwa hiyo tofauti inaonekana.

Mtutu nao hushika utando wa plumbi. Hakikisha bastola haina kitu, toa mtungi wa hewa, kisha vuta kitambaa kwa mshipi kutoka nyuma kwenda mdomoni mwa mtutu. Fimbo ya chuma iache, itakwaruza. Mafuta ya kawaida pia usitie, kwani yanaweza kuwaka kwa mgandamizo wa hewa. Baada ya kusafisha, piga kama kumi au ishirini ndipo uanze kuhesabu alama. Mtutu mkavu huchelewa kutulia.

Na plumbi ni sumu, kwa hiyo unawe mikono kabla ya kugusa chapati.