Somo: Stata Inazungusha, Injini Haishiki

Somo hili ni la gari ambalo ukigeuza ufunguo stata inazungusha injini vizuri, lakini injini haishiki. Kama unasikia "tik" moja halafu kimya, hilo ni jambo la betri au la stata yenyewe na lina somo lake.

Injini ya petroli inataka mafuta, cheche na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), na vyote vifike kwa wakati wake. Kazi yako ni kujua ni kipi kimekosekana kabla hujatoa hata shilingi. Nasema hivyo kwa sababu hapa Mombasa desturi ni kubahatisha: leo plagi mpya, kesho koili ya cheche, keshokutwa pampu ya mtumba, na mwisho wake inagunduliwa fyuzi iliyoungua. Fuata mpangilio huu, unaanza na vya bure.

1. Sikiliza

Injini nzima ikizungushwa na stata hutoa mlio wenye mapigo, unapanda na kushuka. Ukisikia inazunguka kwa wepesi kuliko kawaida, mlio mmoja laini usio na mapigo, acha hapohapo. Huenda mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu, umekatika, na kwenye injini nyingi kuendelea kuzungusha ni kupindisha valvu.

Ikizunguka kwa uvivu, pima betri. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazungusha, kompyuta ya gari inaweza kupoteza umeme ingawa stata bado inasukuma. Na sisi wa pwani tusiamini vichwa vya betri kwa kuvitazama kwa juu. Fungua, utakuta unga wa kijani chini yake. Fuata pia waya wa athi, ule wa hasi ya betri, hadi pale ulipofungwa kwenye bodi. Hewa ya chumvi hula hapo kimyakimya. Piga msasa, kaza, jaribu tena.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo mmoja. Ipumzishe, inaungua.

2. Tazama dashibodi

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, kompyuta haina umeme, basi tafuta fyuzi na rilei yake kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kabla ya jambo lingine.

Kisha tazama taa ya usalama, ile yenye alama ya ufunguo au gari. Ikiendelea kumetameta wakati swichi imewashwa, gari halijautambua ufunguo wako. Magari mengi tunayoyapokea kutoka Japani yana chipu ndani ya ufunguo. Ukichongesha ufunguo mwingine bila chipu, utafungua mlango, huenda hata stata ikazunguka, lakini mafuta yatafungwa.

Kuna pia swichi za siri za kuzuia wizi, na vifaa vya kufuatilia gari vinavyoweza kuzima injini kwa mbali. Gari likiwa la mkopo, mpigie simu mkopeshaji kwanza. Fundi anaweza kufungua injini nzima bure kwa sababu ya deni.

3. Mafuta

Usicheke: hakikisha yamo. Geji hudanganya, na mwenye kutia ya mia mbili mia mbili akisimama kwenye mteremko, petroli hukimbilia upande mmoja na pampu huvuta hewa.

Washa swichi, tega sikio kwenye tangi. Magari mengi pampu hunguruma sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Ila Toyota nyingi pampu haifanyi kazi mpaka injini izungushwe, kwa hiyo usiihukumu kwa ukimya huo. Mwenzako apige stata huku wewe unasikiliza. Ikiwa kimya, angalia fyuzi, kisha badilisha rilei ya pampu na ya honi kama ni za aina moja. Honi ikinyamaza na gari likawaka, umemaliza.

Pampu kunguruma si ushahidi wa presha. Injini nyingi za nozo (vipulizia petroli) za kawaida zinahitaji kama bar 3, na hiyo hupimwa kwa geji tu. Kama injini ni ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, usifungue paipu za presha kubwa mwenyewe.

4. Ng'oa plagi

Hapa ndipo injini inaposema ukweli. Piga stata mara mbili tatu, kisha ng'oa plagi moja, itazame na uinuse. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika. Mshuku wako ni cheche. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki au kompyuta haifungui nozo. Ikiwa na maji, shuku gasketi ya hedi, ile inayozuia maji ya kupozea yasiingie kwenye silinda.

Kabla ya kupima cheche, chomoa fyuzi ya pampu na uache mvuke wa petroli uondoke. Rudisha plagi kwenye koili, bodi yake ya chuma iguse injini barabara, mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Ya manjano, nyembamba, ni dhaifu. Usishike kwa mkono, hizo ni volti maelfu kwa maelfu.

Sasa sikiliza hili vizuri. Koili moja ikifa, injini ya silinda nne hutetemeka lakini kwa kawaida inashika. Zote nne zikikosa cheche, usinunue koili nne. Kuna kitu kimoja kinachozilisha zote kilichokufa: rilei, athi, au sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka.

5. Mashine ya kusoma kodi

Kodi ni namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari. P0335 inaelekeza kwenye sensa ya kranki, P0340 kwenye ya kemshafti, shafti inayofungua valvu. Kodi hukuambia mahali pa kuanza kupima. Waya uliokatika huleta kodi ileile. Kilicho bora zaidi ni kutazama mizunguko ya injini kwenye mashine wakati stata inazungusha. Inapaswa kusoma kama 200 kwa dakika. Ikisoma sifuri, kompyuta haijui kwamba injini inazunguka, na haitatoa cheche wala mafuta.

6. Kompresheni

Ikiwa cheche ipo na mafuta yapo, pima silinda zote. Zikiwa chini ya psi 100 hivi, shuku taimingi, valvu au ringi za pistoni.

Maswali

*Salaam aleikum fundi. Mimi ni dereva wa teksi Likoni. Nikizima gari kwenye foleni ya feri halishiki tena mpaka lipoe nusu saa. Asubuhi linawaka vizuri.*

Waalaikum salaam. Shuku sensa ya kranki, nyingi hufa zikiwa moto na kufufuka zikipoa. Lakini pima wakati ule ule linapokataa: tazama mizunguko kwenye mashine na usikilize pampu, nayo ina tabia hiyo. Ukilipeleka gereji limepoa, watakwambia ni zima.

*Nilipita kwenye maji ya mvua Kisauni, gari likazima. Sasa linazungusha tu.*

Dada, usipige stata tena. Fungua kasha la filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, maji huenda yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi, yatapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Ng'oa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu, ndipo uzungushe injini itapike maji. Filta ikiwa kavu, kausha koili na soketi zake.

*Pikapu yangu ni ya dizeli, Changamwe. Nimebadilisha filta ya mafuta jana, leo haishiki.*

Mzee wangu, dizeli haina cheche. Umeingiza hewa. Legeza skrubu ya kutolea hewa, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka mapovu yaishe, kisha kaza skrubu na ubonyeze tena mpaka pampu iwe ngumu. Wala usikubali kupuliziwa dawa ya kuwashia kama ina hita plagi (plagi za kupasha silinda joto), inaweza kulipuka ndani ya injini.

*Plagi zimelowa chapachapa, cheche ipo.*

Umeifurisha. Kanyaga aksileta mpaka chini, piga stata huku umeikanyaga. Kompyuta nyingi hufunga nozo hapo na hewa hukausha. Isiposhika, kausha plagi nje.

*Fundi amesema kompyuta imekufa, niitafute nyingine.*

Muombe akuonyeshe kwa mita umeme na athi zinazoingia kwenye soketi ya kompyuta hiyo. Kama hajazipima, bado hajui.