Jeli ya chai ya kijani na alovera ya kupaka chini ya sanskrini, mimi naitengeneza hivi

Nianze na hili maana kila siku saluni naulizwa kama mimea inatosha badala ya sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua: hakuna jani, mafuta ya nazi wala liwa itakayokukinga na jua kama sanskrini. Mimea ina kazi yake nyingine. Jua likiingia kwenye ngozi linazalisha radikali huru, yaani chembe haribifu, hizo ndo zinachangia kuharibu kolajeni inayoishika ngozi, afu miaka ikienda unaona mikunjo, ngozi inalegea, na kwetu weusi hasa hasa madoa, maana melanini, ile rangi ya ngozi yetu, inasaidia ila haimalizi kazi, na miale ya jua ya UVA, ile inayozeesha ngozi, inapita hata kwenye kioo cha gari. Chai ya kijani ina polifenoli, yaani viambata vya mmea vinavyolinda, kubwa lao inaitwa EGCG, zinazima sehemu ya hizo radikali. Kwa hiyo chai chini, sanskrini juu.

Hatua ya 1. Chemsha maji, yaache dakika 5 yapoe kidogo, afu nusu kikombe mimina kwenye vijiko 2 vya majani ya chai ya kijani. Funika dakika 10, chuja kwa kitambaa safi, iache ipoe kabisa.

Hatua ya 2, hapa ndo wengi wanakosea. Kata jani nene la alovera, lisimamishe kwenye glasi, kile kidonda kiangalie chini. Utaona maji ya njano yanashuka taratibu, yana harufu kali, ule ndo uchungu wenyewe wa shubiri na ndo unaowasha watu wakasema alovera imewakataa. Subiri dakika 15 au zaidi mpaka yaishe, osha jani, menya, chukua ile nyama nyeupe tu, ioshe tena.

Hatua ya 3. Saga vijiko 4 vya alovera na vijiko 2 vya chai, weka kwenye chupa uliyoichemsha, weka friji. Siku 3 tu, haina dawa ya kuzuia bakteria. Ikigeuka kahawia au ikanuka, mwaga bila huruma.

Na tafadhali msiweke ndimu!! Najua mtaani wanasema inang'arisha, lakini ndimu ikikutana na jua inaunguza. Mteja wangu mmoja alijipaka asubuhi akaenda kukaa sokoni, jioni shingo ina malengelenge, yalipokauka yakaacha mabaka meusi ambayo mpaka leo tunahangaika nayo.

Hatua ya 4. Jaribu kwanza nyuma ya sikio, subiri masaa 24. Hakuna muwasho? Basi asubuhi nawa uso, paka jeli nyepesi, ikikauka weka sanskrini ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, ijae urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na masikio usiyasahau. Ukishinda juani unarudia sanskrini kila masaa 2, jeli hurudii mpaka kesho.