Kujaza, kuandikia na kusafisha kalamu ya maki-e

Mwili wa kalamu ya wino ya maki-e, pambo la Kijapani, umepakwa urushi, utomvu wa mti, na unga wa dhahabu au fedha umenyunyizwa juu yake ukiwa bado mbichi. Utomvu huo hauanikwi juani. Hugandishwa ndani ya kabati lenye unyevu wa asilimia 70 hadi 85, na ukishashika sawasawa wino na maji ya kupita haviudhuru. Unaouharibu ni mwanga wa jua, ukavu wa muda mrefu na kusuguliwa.

Jua kwanza pambo lako ni la aina gani. Togidashi hufunikwa kwa urushi tena kisha husuguliwa kwa mkaa hadi dhahabu itokeze, hivyo ukipitisha kidole hutahisi mwinuko wowote. Hira imeinuka kidogo tu. Taka ndiyo ya kuchungwa: manyoya ya ndege au mawimbi yamejengwa yakainuka, na dhahabu hulika kwanza kwenye vilele hivyo. Kalamu ya taka usiichomeke kwenye kitanzi cha ngozi kinachobana, na kifuniko usikivike mkiani unapoandika, hata kama kinaingia.

Kujaza kunategemea muundo. Tuchukue Namiki Emperor, ile kalamu kubwa ya Kijapani yenye nibu (ncha ya kuandikia) namba 50. Mwili wenyewe ndio tangi, na ndani mna ufito unaoendeshwa na kizibo cha mkiani. Ukikaza kizibo, ufito huziba njia ya wino. Legeza kizibo hicho kabla ya kufungua kishikio, yaani sehemu ya mbele yenye nibu, la sivyo unakilazimisha kishikio dhidi ya ncha ya ufito. Simamisha mwili wima, dondosha wino kwa dropa, uache nafasi ya kama sentimita moja chini ya hesi. Futa hesi kwa karatasi laini, rudisha kishikio kwa nguvu ya vidole tu, kisha funga mkia huku nibu ikitazama juu.

Kabla ya kuandika, fungua kizibo kama milimita 2 au 3. Kwa barua fupi unaweza kukiacha kimefungwa, maana wino uliobaki mbele ya ncha ya ufito unatosha kwa muda. Wengi husahau kukifungua, kalamu ikikauka katikati ya ukurasa wanailaumu nibu. Tatizo la kinyume ni matone makubwa kudondoka karatasini: joto la mkono hutanua hewa iliyo ndani ya tangi, nayo husukuma wino nje. Kadiri wino unavyopungua ndivyo hewa inavyozidi, kwa hiyo jaza tena ikibaki theluthi. Kwenye ndege, funga kizibo na uiweke nibu juu.

Tumia wino wa rangi inayoyeyuka majini. Wino wenye chembe, wa kumetameta au wa chuma huganda kwenye ulimi, kile kipande cha chini ya nibu kinachopeleka wino, na kuutoa kunadai kufungua kalamu mara kwa mara. Ndipo ajali za kuikwaruza au kuiangusha zinapotokea.

Kusafisha: toa kishikio, pitisha maji ya baridi au vuguvugu kwa sirinji mpaka yatoke meupe. Usiloweke mwili. Chini ya urushi mara nyingi mna eboniti, yaani mpira mgumu, na pale ilipoachwa wazi, kama kwenye hesi, maji na mwanga huigeuza rangi ikawa kahawia ya kufifia. Spiriti, dawa ya meno na dawa ya kung'arisha vyuma visikaribie. Vumbi lipeperushe kwa brashi laini kwanza, kwa kuwa lina chembe za mchanga. Baada ya hapo futa kwa kitambaa cha pamba bila kukandamiza. Palipo na raden, yaani vipande vya kombe, futa kuelekea nje ya ukingo wa kipande ili nyuzi zisikinase.

Hifadhi kwenye kisanduku, mbali na dirisha, bila vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Anayebabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho asikimbilie kalamu iliyopakwa karibuni na ambayo bado inanuka.

Urushi ukibanduka, usitumie gundi ya dukani. Gundi huziba mahali ambapo urushi mpya ungeshika, na fundi atalazimika kuikwangua pamoja na pambo la pembeni. Funga kipande kwenye karatasi, ukipeleke pamoja na kalamu.