Namna ya Kuandika Riwaya ya Mvuke, Giza na Mapenzi Katika Unguja ya Kale

Mwandishi wa Zanzibar anayetaka kutunga riwaya ya stimpanki, yaani hadithi ya njozi iliyosimama juu ya mitambo ya mvuke ya karne ya 19, hana haja ya kuazima London na ukungu wake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimiliki meli za mvuke. Mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari. Na mwaka 1883 lilijengwa jumba la Beit al-Ajaib, lenye nguzo za chuma cha kusubu zilizotazama Forodhani. Malighafi tunayo. Kazi iliyobaki ni kuamua nani anaulipia mtambo, kwa sababu giza la riwaya ya namna hii halitokani na usiku wala majengo mabovu, bali hutokana na malipo hayo.

Anza kwa kuchagua mwaka, kisha ubadilishe jambo moja tu katika historia. Mimi ningeanzia 1872. Mwaka huo tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali ya Pemba ilisalimika kwa wingi, na mwaka uliofuata Sayyid Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao la Mkunazini. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897. Kwa hiyo pana miaka zaidi ya 20 ambamo mashamba ya Pemba yalihitaji mikono mingi huku njia ya kuileta ikiwa haramu, na magendo yakaendelea usiku. Sasa jiulize: ingekuwaje kama tajiri mmoja wa karafuu angepata injini ya kufanya kazi ya mikono hiyo, na injini hiyo ikawa na masharti? Swali hili linatosha kuendesha riwaya nzima. Naomba tu kwamba waliouzwa Mkunazini wasiwe pambo la mandhari. Wape majina, ufundi, hasira na maamuzi yanayogeuza mkondo wa kisa, kwani vizazi vyao ndio baadhi ya wasomaji wako.

Mtambo wenyewe uufahamu kabla ya kuutia uchawi. Mvuke ni maji yaliyochemshwa ndani ya boila iliyofungwa. Shinikizo lake husukuma pistoni, pistoni huzungusha gurudumu, na vali ya usalama, inayotoa mvuke uliozidi, ikikwama boila hupasuka na kuua walio karibu. Ukiweza kufika Pemba, omba ruhusa ya kutembelea kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi, Chake Chake, ambako mvuke hupitishwa katika vikonyo vya karafuu ili kukamua mafuta yake. Uandike unachokisikia na unachokinusa, maana harufu ya karafuu iliyochanganyika na joto la chuma ni sifa ambayo hakuna mwandishi wa nchi nyingine atakayeipata kwa kubuni. Fikiria pia bahari. Jahazi husubiri kaskazi na kusi. Meli ya mvuke haisubiri. Nahodha aliyerithi elimu ya pepo kwa babu yake huona heshima yake ikififia kila dohani inapotokea upeo wa macho, na mtu kama huyo hufaa kuwa adui mwenye haki upande wake.

Uchawi nao uwe na kanuni moja, nayo iwe ghali. Tuseme boila haichemki mpaka jini afungiwe ndani yake, na jini hakubali kufungwa ila fundi ampe kumbukumbu ya mtu anayempenda. Kila safari hugharimu kumbukumbu moja, na iliyotolewa hairudi. Kanuni ikishatajwa usiivunje hata mara moja kwa ajili ya kumwokoa mhusika.

Hapa ndipo mapenzi yanapoingia, na ndipo waandishi wengi huyaharibu kwa kuyaweka pembeni, yakawa sura za kupumzikia baina ya mapigano. Yaweke ndani ya boila. Mwanakombo wa Wete ni fundi wa injini, na Hamdani ni karani wa telegrafu mjini. Hawawezi kukaa peke yao barazani, na mshenga bado hajatumwa. Basi Hamdani humtungia mashairi ya mafumbo, kila mshororo mizani 16, akayapitisha kwenye waya kana kwamba ni habari za bei ya karafuu. Stara hii usiione kuwa kizuizi cha mahaba, kwani ndiyo inayoyapa nguvu: neno moja lililofichwa vizuri hutikisa zaidi ya busu kumi zilizoelezwa. Kisha Mwanakombo analazimika kuiwasha meli ili kuwatorosha watu waliofichwa ghalani, na anayo kumbukumbu moja tu iliyobaki yenye thamani kwa jini, nayo ni ya Hamdani. Akiitoa, watu wanaokoka, na posa ya Hamdani inapofika kwao, Mwanakombo hamjui tena anayemposa.

Mtiririko wa sura uupange kwa hesabu ya kumbukumbu hizo. Katika sura za mwanzo onyesha kwa urefu kile ambacho baadaye kitapotea, kama vile sauti ya Hamdani akisoma shairi, ili msomaji aikumbuke wakati Mwanakombo hawezi tena. Mwishoni usimrudishie kumbukumbu kwa muujiza. Unaweza kumwacha Hamdani aanze upya kumtongoza mwanamke asiyemjua, au umwache aende zake, lakini uamuzi huo uufanye kabla ya kuandika sura ya kwanza, kwa sababu kila fumbo atakalotuma litabeba maana tofauti kulingana na mwisho uliouchagua.