SOMO: Umemaliza kuunga viraka na unataka fundi wa mashine kubwa akushonee kwilti? Soma hapa kwanza

Wadau, naandika hili mara moja ili mtu akiuliza tena nimwelekeze huku, maana meseji ni ile ile kila siku, "nimeunga uso wa kwilti, sa nampelekeaje fundi?" Somo ni la yule aliyeunga viraka vyake mwenyewe ila tabaka tatu za kwilti, yaani lile blanketi la viraka (uso, pamba ya kati, kitambaa cha mgongo) anataka zishonwe pamoja na mtu mwenye mashine ya fremu, ile yenye mkono mrefu, ambapo kichwa cha mashine ndo kinatembea na kitambaa kimetulia.

Elewa kwanza fremu inavyofanya kazi. Mgongo unafungwa kwenye rola, juu na chini, pembeni unashikwa na vibanio mpaka unakaza. Pamba inatandazwa juu yake, halafu uso. Fundi anashona eneo lililo mbele yake, anavingirisha, anashona tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo haioni kwilti yote kwa wakati mmoja, na kitambaa kikizidi mahali kinasukumwa kwenda mbele mpaka kinafika pembeni ambapo hakina pa kwenda. Karibu kila lawama ninayosikia kwamba "fundi kaniharibia" ukiifuatilia inaanzia hapo, kwa vitu vilivyofika kwake tayari vimepinda.

1. Ongea na fundi KABLA hujanunua kitambaa cha mgongo. Kila mmoja ana masharti yake, na wazuri wana foleni.

2. Piga pasi uso wote, mishono ilale.

3. Geuza, kata nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi mweusi ukibaki chini ya kiraka cheupe utaonekana kwa juu, na tabaka zikishashonwa huutoi tena.

4. Vifungo, shanga, kitu chochote kigumu, subiri kwilti irudi.

5. Boda, ule ukanda unaozunguka uso. Hapa tukae kidogo. Wengi wanachukua ukanda mrefu, wanaanza kushona kwenye kona, wakifika mwisho wanakata kilichobaki. Usifanye hivyo kabisa. Ukingo wa viraka unavutika, na mashine ya nyumbani inavuta kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, kwa hiyo boda inaondoka ndefu kuliko kwilti yenyewe bila wewe kujua. Tuseme katikati kwilti ina sentimita 180 na boda imetoka 185, hizo 5 zilizozidi zinaenda wapi? Zinakuwa mawimbi, na mawimbi chini ya sindano yanageuka marinda. Njia sahihi ni hii, tandaza uso chini, pima urefu ukipita KATIKATI, siyo pembeni, pima na sehemu mbili nyingine za ndani, chukua wastani, kata boda mbili zote kwa kipimo hicho hicho. Kunja boda nusu halafu robo, weka alama, fanya hivyo na kwenye ukingo wa kwilti, kutanisha alama, bana pini, ndo ushone. Kisha upana hivyo hivyo. Ukimaliza tandaza sakafuni upapase kwa viganja kuanzia katikati kwenda nje, kitambaa kikiinuka pembeni fumua. Najua kufumua kunauma, ila wewe unafumua mshono mmoja wa boda, fundi akishapita juu yake unafumua mishono elfu.

6. Mgongo uzidi uso kwa sentimita 10 KILA UPANDE. Siyo 10 jumla. Uso wa 150 kwa 200 unataka mgongo wa 170 kwa 220, na pamba hivyo hivyo. Ziada hiyo ndo vibanio vinashika, na ndo fundi anajaribia mkazo wa uzi kabla hajagusa kazi yako. Kingo zinyooke na kona ziwe za mraba kweli, kunja mgongo katikati uone kama kingo zinakutana, maana ukipinda upande mmoja unakaza kwenye rola na mwingine unalegea, nyuma unapata mikunjo. Kama unaunga mgongo kwa vipande, kata kwanza ule ukingo mgumu wa kiwandani, wenye vitundu au maandishi, kwa sababu umefumwa kwa kubana na haunyooki wala hausinyai sawa na kitambaa kingine. Shona ukiacha sentimita 1.2 za mshono, fungua kwa pasi.

7. Kama viraka vinafika mpaka ukingoni bila boda, shona mstari mmoja kuzunguka uso wote, milimita 3 toka ukingoni, mishono isiachie ikivutwa.

8. Usipige bandi (mishono ya muda) wala usibane tabaka kwa pini. Tabaka zinaenda zikiwa mbalimbali.

9. Bana karatasi iliyoandikwa JUU kwenye uso, na kwenye mgongo kama una maua yanayoelekea upande mmoja.

10. Amua mchoro wa mishono ya fundi. Kuna mmoja unaojirudia ukingo hadi ukingo, na kuna wa kufuata kila kiraka, ambao unachukua muda mrefu zaidi na bei inapanda. Uliza na rangi ya uzi. Uzi unaopingana na kitambaa unaonyesha kila kitu, mpaka pale mishono yako ya viraka isipokutana.

11. Piga picha, kunja, weka kwenye mfuko wa plastiki halafu ndani ya boksi. Karatasi yenye jina lako na maelekezo iwe ndani, siyo nje tu.

Maswali karibuni.

SWALI: Asante kwa somo. Boda yangu inacheza kidogo tu, fundi si ataivuta inyooke?

JIBU: Hapana. Rudi hatua ya 5.

SWALI: Bei ni shingapi?

JIBU: Mafundi wengi wanatoza kwa eneo, urefu mara upana, halafu mchoro, pamba na uzi juu yake. Siwezi kukutajia bei ya fundi nisiyemjua kwa kwilti nisiyoijua vipimo. Pima, mpelekee namba, atakujibu.

SWALI: Mshono wa mgongo uende wima au ulale? Nimesikia yote mawili, ningependa kujua sababu.

JIBU: Swali zuri sana hili. Mshono ukisimama wima, kila fundi akivingirisha unajilaza juu yake mwenyewe pale pale, unajenga kinundu katikati ya rola, na kitambaa cha pembeni kinalegea. Ukilala unapita kwenye rola mara moja umekwisha. Ndo maana wengi wanataka ulale. Ila piga hesabu kabla. Chukua ule mgongo wa 170 kwa 220 na kitambaa chenye upana wa 110. Ukiunga ulale, vipande viwili vinakupa 220, ukitoa kingo za kiwandani na mshono unabaki na kama 213, hautoshi, unahitaji cha tatu, jumla mita 5.1. Ukiunga wima vipande viwili vya 220 vinatosha, mita 4.4. Hapo uliza fundi kama anaweza kuigeuza kwilti aipakie kwa ubavu, mshono unakuwa umelala na wewe umeokoa kitambaa, mradi mchoro wake hauna juu na chini. Au nunua kile kipana cha mgongo, cha inchi 108, huungi kabisa.

SWALI: Shuka la kitandani linafaa kuwa mgongo? Ni pana, halina mshono.

JIBU: Shuka nyingi zimefumwa kwa kubana sana, sindano inatoboa kwa nguvu, uzi unakatika na vitundu vinabaki. Lililofumwa kawaida, la pamba, lililokwisha fuliwa, mafundi wengine wanalikubali. Uliza wako.

SWALI: Mi naona ukimpa mtu mwingine ashone, kwilti siyo yako tena.

JIBU: Sikubaliani. Kuchagua rangi, kukata, kuunga viraka mia na kitu, hiyo ni kazi yako na haifutiki. Na fundi wa fremu naye ana ufundi wake alioujenga kwa miaka. Kwenye lebo ya nyuma andika wote wawili, ameunga fulani, ameshona fulani, na mwaka. Watakaoirithi watataka kujua.

SWALI: Fundi ananiuliza nataka pamba gani, nimekwama.

JIBU: Ya kati ikiwa pamba tupu inalala bapa na ikifuliwa inasinyaa kidogo, kwilti inapata ule mwonekano wa kikongwe. Poliesta ni nyepesi na inainuka, mchoro unaonekana vizuri. Sufu inainuka na ina joto bila uzito. Chochote utakachochagua soma pakiti, imeandikwa mishono isiachane zaidi ya umbali gani, mwonyeshe fundi kabla hajachagua mchoro.

SWALI: Nina nyekundu iliyokolea kando ya nyeupe, nifue kabla?

JIBU: Ulitakiwa ufue kitambaa kabla ya kukata. Sasa uso umeshaungwa, usiufue, mishono itafumuka ukingoni. Loweka kipande cha nyekundu iliyobaki kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kitambaa cheupe, uone.

MDAU MWINGINE: Naongezea hapo. Mwambieni fundi awarudishie vile vipande vya ziada anavyokata pembeni, vina pamba na mgongo ule ule. Mi nabandika juu yake viraka vilivyobaki, nashona, nafua kwanza hicho. Kama rangi inachuja au pamba inasinyaa sana najua kabla sijaitia kwilti majini.

JIBU: Hii nzuri, naiingiza kwenye somo kama hatua ya 12.